Kusawazisha data simu kwa simu bila seva: faili, rekodi au CRDT?

Kundi la watu lina simu na vishikwambi kadhaa, lina ruta moja, na lina data ambayo kila mmoja anaihitaji: orodha ya wagonjwa, rekodi za visima, alama za wanafunzi au hesabu ya vipuri vilivyo ghalani. Intaneti haipo, au ipo kwa kubahatisha, au ipo lakini wenye data hawaridhiki kuipitisha kwenye seva ya mtu mwingine. Wanachotaka ni kwamba simu zikikutana kwenye mtandao mmoja zipashane kilichobadilika, kisha kila mmoja aondoke na nakala iliyo sawa na ya wenzake. Jambo hilo linawezekana na linafanyika. Kolibri, programu ya kujifunzia inayotengenezwa na Learning Equality, husawazisha maendeleo ya wanafunzi kati ya vifaa vilivyo kwenye mtandao mmoja bila intaneti. CoMapeo ya Awana Digital hupashana ramani na kumbukumbu za uwandani kati ya simu kwa namna hiyo hiyo. Kama kazi yako inafanana na mojawapo ya hizo, ijaribu kwanza kabla hujajenga chochote.

Anayelazimika kujenga mwenyewe ana njia tatu za kuchagua. Ya kwanza ni kusawazisha faili zenyewe, na mfano wake mkuu ni Syncthing, programu huria iliyotolewa kwa umma mwaka 2013. Ya pili ni kunakili rekodi za hifadhidata kutoka kifaa hadi kifaa, kama zinavyofanya CouchDB, iliyoanzishwa na Damien Katz mwaka 2005, na Couchbase Lite, inayokaa ndani ya simu yenyewe. Ya tatu ni miundo ya data inayojua kujiunganisha, iliyopewa jina la CRDT na Marc Shapiro na wenzake mwaka 2011, na ambayo leo inapatikana katika maktaba za msimbo kama Automerge na Yjs.

Quick Share, AirDrop na LocalSend nimeziacha kwa makusudi. Hizo hutuma faili mara moja na kusahau. Hazikumbuki nani ana nini wala hazigundui kwamba watu wawili wamebadilisha kitu kile kile. Kwa kupeleka picha moja kwa mwenzako zinatosha kabisa, lakini kuzitumia kila jioni kuunganisha kazi ya watu kumi ni kumkabidhi binadamu kazi ambayo mashine ingeifanya bila kuchoka.

## Vigezo vya kulinganisha

Nimetumia vigezo vitano. Kwanza, kinachotokea pale watu wawili walio mbali wanapobadilisha kitu kimoja. Pili, jinsi simu zinavyotafutana na kuunganika. Tatu, jinsi njia hiyo inavyoishi ndani ya simu, yaani betri na vikwazo vya kufanya kazi chinichini. Nne, usalama. Tano, ukubwa wa data pamoja na gharama ya kujenga na kutunza.

Kigezo cha kwanza ndicho chenye uzito, nami nimekipa nafasi kubwa kuliko vingine. Kasi, ambayo wengi huiulizia kwanza, sikuifanya kigezo, kwa sababu kwenye Wi-Fi ya ndani njia zote tatu hupitisha maelfu ya rekodi za maandishi ndani ya muda mfupi, na kinachochelewesha ni picha na video, ambazo nimezitolea hukumu peke yake mbele. Kasoro ya kasi huonekana siku ya kwanza na hurekebishwa. Mgongano uliosuluhishwa vibaya haumpigii mtu kelele. Hugunduliwa baada ya miezi, wakati aliyeandika taarifa sahihi ameshasahau alichoandika.

## Kila njia inavyofanya kazi

Syncthing huligawa kila faili katika vipande vya KiB 128 hadi MiB 16, hukokotoa alama ya SHA-256 ya kila kipande, yaani nambari fupi inayokitambulisha kwa yaliyomo ndani yake, kisha hulinganisha orodha ya alama hizo na ya kifaa kingine na kuomba vipande visivyopatikana tu. Haijui wala haijali kilichomo ndani ya faili. Kwake lahajedwali, picha na kumbukumbu ya sauti ni kitu kimoja, na hapo ndipo unapopata urahisi wake na udhaifu wake kwa pamoja.

Unakili wa hifadhidata hufanya kazi kwa kipimo cha rekodi. Kila rekodi ina utambulisho wake na mti wa matoleo yake, na kifaa kinapokutana na kingine huuliza ni matoleo gani yamebadilika tangu walipoonana mara ya mwisho. Alama ya walipoishia huhifadhiwa, hivyo mawasiliano yakikatika katikati hayaanzi upya. CouchDB yenyewe huwekwa kwenye kompyuta ndogo inayokuwa kitovu cha mtandao, ilhali Couchbase Lite huwezesha simu moja kuwa msikilizaji na nyingine kuunganika kwake moja kwa moja.

CRDT huenda ndani zaidi ya rekodi. Kila badiliko dogo, kama vile herufi iliyoongezwa, sehemu iliyojazwa au nambari iliyopandishwa, hubeba utambulisho wa kifaa kilicholifanya na nafasi yake katika mfuatano. Hesabu ya kuyaunganisha mabadiliko hayo imepangwa ili vifaa viwili vilivyopokea mabadiliko yale yale vifike kwenye hali ile ile, hata kama viliyapokea kwa mpangilio tofauti.

## Watu wawili wakibadilisha kitu kimoja

Chukua rekodi ya kisima kimoja yenye sehemu tatu: hali ya pampu, jina la msimamizi, na idadi ya vipuri vilivyobaki ghalani, ambavyo ni 10. Asubuhi simu mbili zinatoka zikiwa na nakala ile ile. Mwenye simu ya kwanza anaandika kwamba pampu imeharibika. Mwenye simu ya pili anabadilisha jina la msimamizi. Kila mmoja, akiwa mbali na ghala na mbali na mwenzake, anamwahidi fundi vipuri 6. Jioni simu zinakutana.

Kama rekodi zote zimo kwenye faili moja iitwayo visima.csv, Syncthing itagundua kwamba faili imebadilishwa pande zote mbili bila upande mmoja kujua wa pili. Ile iliyobadilishwa mapema zaidi itapewa jina jipya, mfano visima.sync-conflict-20250314-093012-K7PQ2LM.csv, ambapo herufi za mwisho ni mwanzo wa utambulisho wa kifaa kilichoibadilisha, na faili zote mbili zitasambazwa kwa kila mtu. Hakuna kilichopotea, na hilo ni jambo la kuheshimiwa. Hata hivyo hakuna kilichounganishwa: lazima mtu azifungue faili zote mbili, alinganishe mstari kwa mstari na kuamua. Siku ya kwanza atafanya hivyo. Baada ya wiki chache folda itakuwa na faili nyingi za mgongano ambazo hakuna anayethubutu kuzifuta wala anayepata muda wa kuzisoma.

Dawa ipo, nayo ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Kila rekodi iwe faili yake yenyewe yenye jina lisilojirudia. Au, bora zaidi, kila simu iandike ndani ya folda yake tu na isome folda za wenzake. Pale ambapo hakuna faili inayoandikwa na simu mbili, hakuna mgongano wa kusuluhisha. Kwa kazi ya kukusanya tu, kama dodoso, picha za uwandani au vipimo, mpangilio huo unaifanya Syncthing kuwa chombo cha kuaminika sana. Kinachopaswa kuepukwa kabisa ni kuweka ndani ya folda inayosawazishwa faili ya hifadhidata ya SQLite ambayo programu nyingine inaiandika wakati huo huo, kwa maana faili inaweza kunakiliwa ikiwa katikati ya kuandikwa na nakala ikafika upande wa pili ikiwa imeharibika.

CouchDB itaona mgongano kwenye rekodi ya kisima hicho peke yake, na rekodi nyingine zote zitaungana bila shida. Hayo ni maendeleo makubwa. Lakini kwake badiliko la hali ya pampu na badiliko la jina la msimamizi ni matoleo mawili yanayopingana ya rekodi moja, ijapokuwa kwa akili ya binadamu hayagusani. Kila kifaa kitachagua mshindi kwa kanuni ile ile: toleo lenye historia ndefu zaidi ya mabadiliko, na zikilingana, ulinganisho wa vitambulisho vya matoleo. Kanuni hiyo inahakikisha kwamba wote wanaona jibu moja. Haihakikishi kwamba jibu ni sahihi. Toleo lililoshindwa linabaki limehifadhiwa, ila programu isiyouliza kama kuna mgongano itaonyesha mshindi peke yake, na mtumiaji hatajua kuwa taarifa ya pampu iliyoharibika imelala chini yake. Couchbase Lite huenda tofauti kidogo: husuluhisha papo hapo wakati wa kunakili, kwa kanuni yake ya kawaida au kwa kanuni utakayoiandika wewe. Andika ya kwako. Kanuni ya kuchukua sehemu iliyobadilika kutoka kila upande si ndefu kuiandika, na ndiyo tofauti kati ya mfumo unaoaminika na unaomeza kazi za watu.

CRDT itaunganisha hali ya pampu na jina la msimamizi bila kuuliza mtu, kwa kuwa ni sehemu mbili tofauti. Ikiwa wote wawili wangebadilisha hali ya pampu, Automerge ingechagua thamani moja iliyo sawa kwenye vifaa vyote na kuzitunza zile nyingine ili programu iweze kuzionyesha. Yjs ingebaki na moja tu. Kwa maandishi marefu yanayohaririwa na wengi, kama ripoti ya pamoja, hakuna njia kati ya nyingine mbili inayoikaribia.

Sasa njoo kwenye vipuri. Ukitumia kihesabio cha CRDT, kinachorekodi kila ongezeko na punguzo badala ya jumla, simu ya kwanza imepunguza 6 na ya pili imepunguza 6, hivyo vifaa vyote vitakubaliana kwa uaminifu kwamba ghala lina vipuri hasi 2. Hesabu ni sahihi, na ahadi haitekelezeki. Ukitumia nambari ya kawaida badala ya kihesabio, vyote vitakubaliana kwamba vimebaki 4, jambo ambalo ni baya zaidi kwa sababu linaficha tatizo. Hapa hakuna njia yoyote kati ya hizi tatu inayokuokoa. Sheria inayosema idadi isishuke chini ya sifuri inahitaji mtu au kifaa kimoja chenye kauli ya mwisho, na vifaa vilivyotengana havina mwenye kauli hiyo. Kinachowezekana ni kuandika kila ahadi kama tukio linalojitegemea, lenye nani, lini na ngapi, kisha kujumlisha matukio hayo simu zinapokutana na kumwonyesha msimamizi kwamba kuna upungufu. Mpangilio huo wa matukio unafaa katika njia zote tatu, na ningeanza nao kabla ya kuchagua chombo chochote.

Neno moja kuhusu saa. Mifumo mingi ya kujitengenezea husema aliyeandika mwisho ndiye mshindi, na hupima mwisho huo kwa saa ya simu. Simu iliyokaa muda mrefu bila mtandao saa yake huweza kuwa imepotea, na simu iliyo mbele kwa siku moja itamshinda kila mtu siku nzima. Leslie Lamport alionyesha tangu 1978 kwamba mfuatano wa matukio kati ya mashine zilizotengana unaweza kufuatiliwa kwa kuhesabu matukio badala ya kutegemea saa, na vyombo vya njia hizi tatu hugundua mgongano kwa namna inayotokana na wazo hilo. Usirudi nyuma ya hapo.

## Simu kutafutana na kuunganika

Kigezo hiki kina mtego ambao hauhusiani na njia uliyochagua. Ruta nyingi za ofisini na za wageni zimewekwa kuzuia vifaa vilivyounganika visionane. Kila kimoja kinaona intaneti tu. Simu zitakuwa kwenye Wi-Fi moja na bado hazitapatana. Lijaribu hilo kabla ya kitu kingine chochote. Pia, simu ya Android ikiona kwamba Wi-Fi haina intaneti huweza kuuliza kama ibaki imeunganika, na asiyesoma ujumbe huo hujikuta amerudi kwenye data ya simu. Kwenye iOS, tangu toleo la 14 la mwaka 2020, programu lazima iombe ruhusa ya kufikia vifaa vya mtandao wa ndani, na mtumiaji akikataa, programu haipati mtu yeyote hadi ruhusa itakapowashwa kwenye mipangilio.

Syncthing hutangaza uwepo wake yenyewe kupitia poti (mlango wa mawasiliano wenye nambari) ya UDP 21027 na kubadilishana data kupitia poti ya 22000. Mtumiaji hana cha kuandika. Anaoanisha vifaa kwa msimbo wa QR na kusubiri. Kumbuka tu kwamba kwa kawaida hutumia pia seva za umma za kutafutana na za kupitishia data pale intaneti inapokuwepo. Data inayopita huko imesimbwa kwa njia fiche, lakini kama sharti lako ni kwamba chochote kisitoke nje ya mtandao wa ndani, zima vipengele hivyo viwili kwenye kila kifaa.

Kwa Couchbase Lite kutafutana ni kazi ya msanidi programu. Njia ya kawaida ni mDNS, utaratibu wa vifaa kutangazana majina na anwani kwenye mtandao wa ndani, unaotumia anwani ya pamoja 224.0.0.251 na poti ya 5353, ambayo Android huitoa kupitia NsdManager na Apple kupitia Bonjour. Njia nyingine, ambayo mimi naipendelea kwa vikundi vidogo, ni simu msikilizaji kuonyesha msimbo wa QR wenye anwani yake. Ukitumia CouchDB kwenye kompyuta ndogo, ipe anwani isiyobadilika na shida hii inakwisha.

CRDT ndiyo yenye uhuru mkubwa kuliko zote, kwa kuwa haijali baiti zimefikaje. Mabadiliko yanaweza kupita kwenye Wi-Fi, Bluetooth au kadi ya kumbukumbu, yakarudiwa mara tatu au kuchelewa wiki nzima, na matokeo yakawa yale yale. Uhuru huo una upande wa pili: sehemu kubwa ya njia ya kusafirisha unaijenga mwenyewe. Anayetumia Yjs pamoja na kiunganishi chake cha WebRTC, teknolojia ya vifaa kuwasiliana moja kwa moja, ajue kwamba kinahitaji seva ya kuvitambulisha vifaa kwa mara ya kwanza. Bila intaneti, seva hiyo lazima uiweke wewe ndani ya mtandao wako.

## Betri na kazi ya chinichini

Tangu Android 6.0 ya mwaka 2015 simu iliyolala huzibania programu mtandao na kazi za chinichini, na baadhi ya watengenezaji wa simu huongeza ubanaji wao juu ya huo. iOS husimamisha programu muda mfupi baada ya kuondoka kwenye skrini. Kwa hiyo wazo la simu zinazosawazishana zenyewe mifukoni ni zuri kulifikiria na gumu kulitegemea.

Syncthing ndiyo inayoumia zaidi hapa, kwani imejengwa kwa kudhani kwamba inaendelea kufanya kazi muda wote, ikikagua folda na kukokotoa alama za faili. Kwenye Android inaweza kuwekewa masharti ya kufanya kazi kwenye Wi-Fi tu au inapochajiwa tu. Kwenye iOS hutumika kupitia Möbius Sync, na vizuizi vya chinichini hubaki pale pale. Couchbase Lite na CRDT hukaa ndani ya programu yako, hivyo husawazisha mtu anapoifungua na kumaliza haraka, ingawa hati kubwa ya CRDT huchukua muda na kumbukumbu kila inapopakiwa.

Kwa njia zote tatu, tiba bora niijuayo ni simu moja ya zamani iliyochomekwa kwenye chaji, skrini ikiwa imewashwa, ikiwa mahali pa kukutania. Simu mbili ambazo hazijawahi kuwa macho kwa wakati mmoja zitapashana kupitia hiyo ya tatu.

## Usalama

Syncthing huja ikiwa imekamilika upande huu. Kila kifaa kina cheti chake cha kidijitali, utambulisho wake hukokotolewa kutoka kwenye cheti hicho kwa SHA-256, mawasiliano yote hupita kwa TLS, yaani yakiwa yamesimbwa njiani, na lazima pande zote mbili zikubaliane kabla ya baiti moja kupita. Couchbase Lite huweza kufanya TLS na kudai jina na nenosiri au cheti, lakini ni wewe unayepanga. CouchDB husikiliza kwenye poti ya 5984 kwa HTTP isiyosimbwa hadi utakapoiwekea TLS, na kuiacha hivyo kwenye Wi-Fi yenye rekodi za wagonjwa ni uzembe usio na utetezi. Automerge na Yjs haziamui lolote kuhusu usalama wa njia. Pia kwa kawaida huamini kila badiliko linalofika, hivyo kifaa kimoja chenye nia mbaya kinaweza kuchafua hati ya wote.

Hakuna kati yao inayorudisha data iliyokwisha kufika kwenye simu iliyopotea. Ukikiondoa kifaa kwenye orodha unazuia yajayo tu. Kwa sababu hiyo, kufunga skrini kwa nenosiri na kusimba hifadhi ya simu ni sharti la kwanza, na kila simu ipewe sehemu ya data inayoihitaji badala ya yote.

## Ukubwa wa data, kujenga na kutunza

Kwa picha na video Syncthing haina mpinzani. Hifadhidata huzibeba kama viambatisho, na hilo linatosha kwa picha chache kwa kila rekodi. CRDT haifai kwa picha hata kidogo, hasa Automerge ambayo hutunza historia yote ya mabadiliko; weka ndani yake alama ya SHA-256 ya picha, kisha picha yenyewe isafiri kama faili.

Syncthing haihitaji kuandikiwa msimbo, jambo ambalo kwa kikundi kisicho na msanidi humaliza mjadala. Hata hivyo programu yake rasmi ya Android ilisitishwa Desemba 2024, na waliobaki hutumia matoleo yanayoendelezwa na watu wengine kama Syncthing-Fork; chunguza nani anaitunza na mara ngapi kabla ya kuitegemeza kazi ya miaka. Android 11 nayo ilibana jinsi programu zinavyofikia faili, hivyo usanidi una hatua zaidi ya zamani. Couchbase Lite ina toleo la bure, lakini uwezo wa simu kusikiliza simu nyingine umo kwenye toleo la kulipia, na hilo linafaa kujulikana kabla ya kuandika mstari wa kwanza. CouchDB, Automerge na Yjs ni huria. Gharama ya CRDT iko kwingine: unahitaji mtu anayeielewa vizuri kiasi cha kuirekebisha baada ya aliyeijenga kuondoka.

## Kila njia inamfaa nani, na uchague vipi

Kama watu wako wanakusanya na hawarekebishi kazi za wenzao, na hasa kama kuna picha nyingi, Syncthing yenye folda moja kwa kila simu inakufaa. Utaiweka ndani ya siku moja, na asiye msanidi ataweza kuitunza. Kama simu nyingi katika kundi ni iPhone, punguza matarajio hayo na upange saa maalumu ya kila mtu kufungua programu.

Kama una rekodi zenye umbo moja zinazorekebishwa na watu mbalimbali, kama kadi za wagonjwa au orodha ya vifaa, na una msanidi wa kuandika kanuni ya kusuluhisha migongano, unakili wa hifadhidata unakufaa. Pale mnaporudi mahali pamoja kila siku, CouchDB kwenye kompyuta ndogo ni nafuu na ni imara. Simu za Android na iOS huweza kuiandikia kupitia programu iliyojengwa kwa PouchDB, maktaba ya msimbo inayojua kunakili data na CouchDB. Pale msipokuwa na mahali pa kurudi, na simu zinakutana popote mbili mbili, Couchbase Lite inafaa ikiwa bajeti inaruhusu leseni.

Kama watu wanahariri hati moja kwa pamoja, au rekodi zenye sehemu nyingi ambazo kila mmoja anagusa sehemu yake, na huwezi kujua simu zitakutana lini wala kwa njia gani, CRDT inastahili gharama yake. Chagua Automerge unapohitaji kuona thamani zote zilizogongana na historia ya nani alibadilisha nini. Chagua Yjs unapohitaji wepesi, hasa kwa maandishi.

Kama unasimamia kitu kisichoruhusiwa kutolewa mara mbili, iwe dawa, vitanda, pesa au vipuri, usitafute jibu kwenye orodha hii peke yake. Gawa mgao mapema, kila simu iondoke na kiasi chake na isiweze kutoa zaidi ya hapo, kisha tumia yoyote kati ya njia hizi kurudisha taarifa za kilichotolewa.

Na kama kazi yako ina picha nyingi pamoja na rekodi zinazorekebishwa na wengi, hulazimiki kuchagua moja: rekodi zipite kwenye hifadhidata au CRDT, picha zipite kwenye njia ya faili, na kila rekodi ibebe alama ya SHA-256 ya picha yake ili programu ijue ni ipi haijafika bado.